Mwalimu Vipimo na Ubao wa Macho

Cheo chake kamili kilikuwa kirefu na kiliandikwa kwenye barua ya uteuzi, lakini shule nzima, kuanzia mlinzi hadi mwalimu mkuu, ilimwita Mwalimu Vipimo. Zamani mama huyu alifundisha hesabu. Kisha ikaja barua iliyotaka kila shule itoe mwalimu mmoja aende semina ya wiki mbili, akajifunze namna ya kuwatambua watoto wenye ulemavu. Siku barua hiyo ilipojadiliwa, yeye alikuwa msibani. Aliporudi alikuta amechaguliwa kwa kauli moja.

Semina ilimpa cheti, kengele ndogo ya kupimia masikio, ubao wa macho, na bunda la fomu. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Wa kwanza ni wa macho, wa pili masikio, wa tatu viungo, na wa nne uliandikwa Uelewa. Mtu aliyeitunga alikuwa na mantiki yake, na mantiki hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Mtoto asiyejifunza lazima awe na sababu. Kama macho ni mazima, masikio ni mazima na viungo ni vizima, basi sababu iko ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne haukuwa na kipimo chochote. Ulikuwa na mstari mmoja wa kujaza na nafasi za sahihi tatu.

Chumba cha vipimo kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na Mwalimu Vipimo alikigawana na magodoro ya kurukia na mipira iliyoishiwa pumzi. Kanuni inasema mtoto asimame mita sita kutoka kwenye ubao. Alipovuta futi kamba kutoka ukuta wa ndani, mita ya sita iliangukia kizingitini. Basi akapiga mstari mweupe pale pale mlangoni, mtoto anayepimwa akawa anakanyaga mstari, na darasa zima likawa limepanga foleni nyuma yake, juani, likisikia kila kitu. Meza yake aliiweka chini ya ubao, akakaa akiupa mgongo, kwa sababu mwanga ulitoka mlangoni na yeye alikuwa na kazi ya kuandika.

Ubao wenyewe ulikuwa na herufi moja tu, E, iliyorudiwa mara ishirini na nne katika mistari saba. Ya juu kabisa ilikuwa kubwa kama sahani, za chini kabisa ndogo kama vifungo vya shati. Kila moja ilikuwa imegeukia upande wake, na mtoto, hata asiyejua kusoma, alitakiwa aonyeshe kwa mkono miguu yake mitatu inaelekea wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Mwalimu Vipimo aliifuata kanuni hiyo ya mkono kwa muhula mmoja. Kuinua kichwa mara ishirini na nne kwa mtoto mmoja, na watoto ni sitini darasani, kulimletea maumivu ya shingo ambayo semina haikuyataja. Akaamua waseme kwa mdomo. Yeye aliinamia karatasi ya majibu, iliyovikwa plastiki na kugeuka rangi ya chai, akawa anatia vema kwa jibu sahihi na mkasi kwa kosa.

Vema zilikuwa nyingi. Kwa miaka kumi na moja hakukuwa na shule wilayani yenye macho mazuri kuliko ile. Mwaka mmoja Afisa wa elimu aliandika barua ya pongezi na kuuliza watoto wanapewa chakula gani.

Wakati wa mapumziko wasichana waliruka kamba kwa wimbo ulioanza, "Juu! Kulia, chini! Kushoto, kushoto, juu!" na kuendelea hivyo mpaka mrukaji ajikwae au afike ishirini na nne. Mwalimu Vipimo alidhani wimbo ule umeletwa na mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo alidhani umeletwa na Mwalimu Vipimo, akauona una maana, akauingiza kwenye mazoezi ya asubuhi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku jalada la Kasuku lilipofika mezani.

Kasuku alikuwa msichana wa miaka kumi, yuko darasa la tatu kwa mara ya pili. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliweza kurudia hotuba ya mwalimu mkuu ya Jumatatu, neno kwa neno, na kikohozi kila mahali pake. Mwalimu wa la tatu, kijana mwenye wanafunzi sitini na mmoja na chaki za kuhesabu, alikuwa ameandika hivi: "Huyu binti akiulizwa kwa mdomo hujibu, tena vizuri, lakini daftari lake ni tupu. Hanakili chochote ubaoni. Nimemsihi, nimemkaripia, nimemhamishia dawati la nyuma. Hakuna mabadiliko. Anarudia tu anachosikia. Naomba apimwe."

Alikuwa amepimwa mara mbili, mwaka uliopita na mwaka huu. Macho, ishirini na nne kwa ishirini na nne, mara zote mbili. Masikio, kengele aliisikia hata kabla haijapigwa vizuri. Viungo, kamili. Mwalimu Vipimo akafungua ukurasa wa nne na kumwita mzazi.

Mzazi alikuja Jumatatu na aproni yake ya kazi. Alikuwa fundi viatu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, mtu wa maneno machache ambaye, kwa kukosa kiti, alikaribishwa juu ya magodoro, akazama hadi kiunoni.

"Nimeambiwa mwanangu amefaulu," alisema kutoka kule chini.

"Amefaulu, baba. Macho, masikio na viungo."

"Basi hongera zake."

"Ndiyo maana anahamishwa."

Fundi akalitafakari hilo. "Ngoja, mwalimu. Kwani angeshindwa, angebaki?"

"Angeshindwa macho, tungempeleka kwa daktari wa macho. Angeshindwa masikio, kwa daktari wa masikio. Sasa vyote ni vizima na bado haandiki. Maana yake tatizo ni la uelewa, na kwa uelewa kuna kituo maalumu."

"Kiko wapi hicho kituo?"

"Ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Wanalala huko huko, wanarudi likizo. Wanafundishwa kufua, kupiga deki, kusuka mikeka."

"Na kusoma?"

"Kusoma hakumo kwenye ratiba. Wanaopelekwa kule imeshaonekana hawasomi."

"Wakienda, huwa wanarudi shule za kawaida?"

Mwalimu Vipimo alikuwa mtu mkweli, pale alipoulizwa. "Mpaka sasa hajarudi mtu. Lakini ni kituo kizuri. Kina maua."

Fundi akajikwamua magodoroni kidogo. "Mwalimu, sikiliza. Nyumbani kwangu tuko wawili tu, mimi na yeye. Akiondoka huyu, mimi nitabaki naongea na viatu. Tena huyu ndiye anayenikumbushia kazi. Mteja akiacha viatu wiki tatu, mimi nimeshasahau, yeye anakuambia ni vya nani, alisema nini, na alikataa bei gani. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye hana uelewa?"

"Kurudia si kuelewa, baba."

"Mpime tena."

"Nimempima mara mbili."

"Mara mbili napima kiatu. Huyu si kiatu."

Mwalimu Vipimo alifungua kalenda. Kesho yake, Jumanne, ilikuwa zamu ya darasa la tatu zima kupimwa macho. Ijumaa Afisa angefika mwenyewe kukusanya fomu, na fomu ilihitaji sahihi ya mpimaji, ya mzazi na yake. Akasema sawa, Kasuku atapimwa kesho, tena awe wa kwanza.

"Akifaulu tena, utatia sahihi?"

"Akifaulu tena," akasema fundi, pengine mzazi wa kwanza katika shule ile kuombea mtoto wake ashindwe mtihani, "nitatia."

Kuja kwa Afisa kulikuwa kumemtia mwalimu mkuu homa ya rangi. Wiki iliyotangulia alimleta fundi rangi, mtu wa mabango ya saluni na maduka, akampa ndoo mbili na uhuru. Mawe ya bustani yalipakwa. Kitako cha mlingoti kilipakwa. Mlinzi aliamua kutosimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Jumamosi fundi rangi alifika stoo, akauona ubao wa macho umefifia kama nguo ya kufanyia usafi, na mwalimu mkuu akamwambia, "Na huo nao uuamshe." Mwalimu Vipimo alifurahi Jumatatu alipoona, kwa jicho la pembeni, kwamba kuna kitu kinang'aa ukutani nyuma yake.

Jumanne asubuhi Kasuku akakanyaga mstari mweupe.

"Mstari wa kwanza, miguu inaelekea wapi?"

"Juu."

"Wa pili?"

"Kulia, chini."

"Endelea."

"Kushoto, kushoto, juu. Chini, kulia, juu, kushoto..." Alikwenda hivyo, bila kusita, mpaka wa saba, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwao. Mwalimu Vipimo alitia vema ishirini na nne. Akafungua ukurasa wa nne, akaandika "Uelewa hafifu," akatia sahihi yake, na kumwambia binti akae nje kivulini. Kwa upande wake jambo lilikuwa limekwisha.

"Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa kiranja wa darasa, msichana aliyekuwa wa kwanza tangu la kwanza. Aliukazia ubao macho kidogo, akaanza, "Juu... ah, hapana. Kulia."

Mkasi.

"Chini, kushoto. Juu, kulia, chini. Kushoto, juu, kulia, chini..."

Mikasi. Alimaliza na vema tano. Mwalimu Vipimo akamtazama kwa huruma, akaandika jina lake pembeni kwa ajili ya daktari. Wa tatu akaja: kulia, chini, kushoto, juu, kulia, chini. Vema tano. Wa nne, tano. Wa tano, tano, na zile zile tano. Alipofika wa kumi Mwalimu Vipimo aliweka kalamu chini.

"Nani amewapangia majibu?"

Watoto wakatazamana.

"Nauliza. Haiwezekani watoto tisa wakosee kwa sauti moja kama kwaya. Wewe kiranja, nani kawafundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Yako ubaoni."

"Usinijibu jeuri. Mmekaa, mmepanga, mmekubaliana mseme uongo. Na uongo wenyewe hamkuupanga vizuri! Mwenzenu Kasuku hapo, mnayemcheka, peke yake ndiye hakukubali kuiga. Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi. Kasuku, kivulini, aliyapokea kwa adabu.

Kipimo kikaendelea kwa ukali. Mpaka saa nne, kati ya watoto sitini na mmoja waliofaulu walikuwa wawili: Kasuku, na mvulana mmoja aliyetaja majibu yote huku amegeuza shingo nyuma kuangalia nani anachukua mpira wake. Waliobaki hamsini na tisa, kwa mujibu wa karatasi, walikuwa hawaoni. Mwalimu Vipimo alimtuma mmoja wa hao wasioona akamwite mwalimu mkuu, naye alikwenda mbio bila kugonga kitu.

Mwalimu mkuu alikuja na mwalimu wa la tatu nyuma yake. Alisikiliza, akavuta miwani yake usoni, akasimama mwenyewe kwenye mstari mweupe.

"Hebu nipime mimi."

"Mkuu, haya si mambo ya..."

"Nipime! Afisa anakuja Ijumaa, nitamwambiaje nina darasa zima la vipofu? Kulia. Chini, kushoto. Juu, kulia, chini."

Mwalimu Vipimo alitia mikasi, moja baada ya nyingine. "Umekosea, Mkuu."

"Nimekosea nini?"

"Ya kwanza ni juu."

"Ni kulia."

"Karatasi inasema juu."

"Mama, mimi siangalii karatasi. Naangalia ubao. Wewe unaangalia nini?"

Ndipo Mwalimu Vipimo akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa hesabu ya haraka, katika miaka kumi na moja, kuutazama ubao ule wakati wa kipimo. Ulikuwa umependeza. Herufi zilikuwa nyeusi tititi juu ya weupe wa maziwa, na zilizunguka moja baada ya nyingine, kulia, chini, kushoto, juu, kama mshale wa saa, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Fundi rangi alipatikana getini, akimalizia bawaba.

"Fundi, ule ubao uliufanya nini?"

"Nimewapendezesha, mwalimu. Kwani kuna tatizo?"

"Herufi umezigeuza."

"Sikuzigeuza, nimezipanga. Zilikuwa zimekaa hovyo hovyo, moja imelala, moja imesimama, nyingine imewapa mgongo wenzake. Nikasema aliyeandika hii alikuwa amelewa au ana haraka. Nikazipa utaratibu. Na sikuwatoza hata senti kwa hilo, ile ni zawadi ya shule."

Akashukuriwa.

Mwalimu mkuu alicheka sana, kicheko cha mtu aliyerudishiwa wanafunzi hamsini na tisa. Mwalimu wa la tatu alicheka pia, kwa nafasi yake. Mwalimu Vipimo hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi ya matokeo na anatazama majina mawili yenye vema. Walioutazama ubao wote walikosa. Waliopata ni wale ambao hawakuutazama. Mmoja alikuwa anaangalia mpira. Na mwingine?

"Kasuku," aliita. "Njoo, mwanangu. Simama kwenye mstari."

Binti akaja, akapapasa mstari kwa kidole cha mguu, akasimama sawasawa.

"Tusome tena. Wa kwanza?"

"Kulia," akasema Kasuku. "Chini, kushoto. Juu, kulia, chini. Kushoto, juu, kulia, chini..." Akashuka nazo hadi ishirini na nne, zote za ubao mpya, bila kosa.

"Si unaona?" akasema mwalimu wa la tatu. "Anaona vizuri tu. Asubuhi alikuwa anatania."

Mwalimu Vipimo alijikuna chini ya kilemba. Akasimama, akapanda juu ya kiti, akauchomoa ubao kwenye msumari. Akamkabidhi mwalimu mkuu, ambaye kwa kukosa la kufanya aliukumbatia. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Ukutani ukabaki msumari na alama ya mraba ya vumbi.

"Samahani, mwanangu, sikusikia vizuri. Anza tena juu kabisa."

"Kulia," Kasuku akauambia msumari. "Chini, kushoto. Juu, kulia, chini."

Alisoma mistari yote saba. Mwalimu wa la tatu alifungua mdomo mstari wa pili na kuufunga mstari wa sita.

"Kasuku, ukitazama hapa mbele, unaona nini?"

"Kuna weupe wa ukuta. Na wewe, mwalimu, ukisogea."

"Ubao huuoni?"

"Sijawahi kuuona. Nasikia upo."

"Sasa majibu ya asubuhi ulijuaje?"

"Ni ya kamba. Na mwaka jana nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Hii mpya nimeisikia leo, nilikuwa nimekaa hapo kivulini."

"Na kwa nini siku zote hizo hukusema huoni?"

Kasuku alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la mwalimu na lilistahili jibu sahihi. "Hukuniuliza kama naona. Uliniuliza miguu inaelekea wapi."

Yule mvulana wa mpira naye alipimwa upya, akaonekana ana macho ya mwewe na uvivu wa kawaida. Uvivu haukuwa na ukurasa kwenye fomu.

Lakini ya Kasuku ilikuwa na kurasa nne zilizojazwa kwa wino, na kwenye wa nne tayari kulikuwa na sahihi ya Mwalimu Vipimo.

Ijumaa walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu: mwenyewe mkuu, shati lake likiwa na E kubwa kifuani isiyotoka kwa sabuni; Afisa na mkoba wake; Mwalimu Vipimo; fundi viatu kwenye kiti cha mbao, safari hii bila aproni; na Kasuku mlangoni. Mwalimu Vipimo alieleza yote. Hakujipunguzia. Afisa alisikiliza huku akipekua fomu.

"Mwalimu, nimekuelewa," alisema. "Ila mimi nafuata kilichoandikwa. Hapa macho ni ishirini na nne, mara tatu. Masikio mazima. Sahihi yako hii hapa. Kituoni kitanda namba kumi na nne kimeshatandikwa. Aende, hayo macho wataangalia huko huko." Akasukuma fomu mbele ya fundi. "Mzee, bado wewe tu. Nimeambiwa uliahidi."

"Niliahidi akifaulu," fundi akasema.

"Si amefaulu?"

"Amefaulu ukuta, Afisa," akasema Mwalimu Vipimo. "Nilimtolea ubao, akausoma msumari."

Afisa akamgeukia fundi. "Mzee, na wewe unaishi na mtoto asiyeona, hukujua?"

Fundi alitazama mikono yake. "Kila kitu anakishika puani. Na mimi nashona puani, baba yangu alishona puani. Nilidhani ndivyo watu wa kwetu tunavyoangalia vitu."

"Sawa. Tuseme haoni. Uelewa je? Mwalimu wake kaandika anarudia tu."

"Kasuku," Mwalimu Vipimo akaita, "mwambie Afisa ule ubao wa zamani."

Kasuku akausema, juu hadi mwisho.

"Sasa Afisa, useme na wewe."

"Niseme nini?"

"Alichosema. Umekisikia sasa hivi, na wewe una diploma."

Afisa aliangalia dari. "Juu. Kulia, chini. Kushoto..." Akasita. "Kushoto. Halafu... chini?"

"Juu," akasema Kasuku mlangoni, kwa upole.

"Huyu mtoto amekaa nyuma ya darasa miaka miwili haoni ubao wowote, wa macho wala wa chaki," Mwalimu Vipimo akasema. "Kila anachojua amekipata kwa kusikia mara moja. Mimi nimeandika uelewa hafifu. Naomba hiyo fomu."

"Fomu haina mahali pa kufuta."

"Nitaandika pembeni."

Afisa hakuiachia karatasi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya mwenzake kuhusu ngazi iliyooza. "Mwalimu, fikiri. Ukiandika kwamba kipimo hiki si sahihi, nitauliza na vingine vilifanywaje. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Miwili."

"Sasa kwa nini uitie mchanga?"

Mwalimu mkuu akapata jambo la kuangalia dirishani. Fundi hakuangalia pengine popote ila ile kalamu. Mwalimu Vipimo aliivuta fomu kutoka chini ya kiganja cha Afisa, taratibu, akakata "Uelewa hafifu" kwa mstari mmoja, akakata na sahihi yake, na pembeni akaandika kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu: "Vipimo vyote vya macho nilivyofanya kwa miaka kumi na moja si vya kuaminika. Virudiwe."

Mwalimu mkuu alikuwa na ujuzi wa kusoma kilichopinduliwa. "Vyote?"

"Vyote."

"Tuna watoto mia sita, mama!"

"Na tisa niliokwisha kuwapeleka kituoni."

"Hao ni wa kituo sasa," akasema Afisa.

"Ni wa kupimwa macho. Nitakwenda mwenyewe, nauli nijitafutie. Wewe niandikie barua ya kuingilia tu."

Afisa alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hakubaliani. Kisha akafungua mkoba na kuandika barua, kwa sababu kukataa nako kungehitaji kuandikwa. Fundi akauliza kama bado anatakiwa kutia sahihi mahali. Akaambiwa hapana. Akashika mkono wa binti yake, akaaga kila mtu kwa cheo chake, akatoka. Nje alisikika akimuuliza kama ana njaa, na Kasuku akisema anayo tangu asubuhi, ila hakuna aliyeuliza.

Mwalimu Vipimo alikwenda kituoni kweli, na ubao wa karatasi alioukunja mwenyewe. Aliwapima wale tisa kwa kuwatazama usoni, mkono kwa mkono, na shingo ilimuuma siku tatu. Wawili walionekana macho yao ni mabovu na hayajawahi kuonwa na daktari. Walirudishwa makwao muhula uliofuata, kwa barua isiyoeleza sababu. Yeye mwenyewe alipewa onyo la maandishi, akalitia kwenye jalada la vyeti, maana hakuwa na jalada jingine.

Daktari wa macho alimpa Kasuku miwani nene. Miwani hiyo iliusogeza ulimwengu mpaka kama mita mbili. Zaidi ya hapo, daktari alisema, asidanganywe na mtu. Kwa hiyo dawati lake limesogezwa hadi linagusa ubao, na mwalimu wa la tatu ameagizwa asome kwa sauti kila anachoandika. Wiki za mwanzo alisoma kama mtu anayetafuna mchanga. Siku hizi amezoea, na baadhi ya watoto wengine, ambao macho yao hayana tatizo lolote, wameanza nao kuelewa.

Kasuku anaandika. Herufi zake ni kubwa kama za bango la saluni, na ukurasa mmoja unaingia maneno sita, saba akijibana. Daftari humaliza kwa siku tisa. Mwalimu wa la tatu amelalamika ofisini kwamba huo ni uharibifu wa karatasi, akaulizwa kama maneno yenyewe ni sahihi, akasema ndiyo, mengi. Kila siku ya kumi fundi viatu hufika shuleni kabla kengele haijalia, na daftari jipya chini ya kwapa.